Jani Linalozaliwa Jekundu

Mwezi wa kenda, vumbi la Likasi, mji wetu wa Katanga, huingia hadi kwenye kope. Mvua ya mwisho tuliiona mwezi wa nne. Nyasi za vilimani zimekwisha kuungua, hewa inanuka moshi, na kando ya barabara ya malori ya madini kila kitu, nyumba, ua na jani, kimevaa rangi moja. Ni wakati huohuo, kabla wingu la kwanza halijaonekana, muputu, mti ulio nyuma ya nyumba yetu, hutoa majani mapya. Nayo hutoka mekundu. Mengine yana rangi ya divai, mengine ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu, na jua la saa kumi likipenya kati yake, mtu aliyekaa chini huona mikono yake imebadilika rangi.

Wageni huuliza kama mti umeunguzwa na moto. Hapana, umezaa. Baada ya wiki mbili tatu wekundu hufifia, hupita kwenye hudhurungi, kisha huwa kijani; na mvua inapokuja kweli, mwezi wa kumi na moja, inakuta kivuli kimekwisha kutandikwa. Maji ya kufanya kazi hiyo yote mti uliyaweka mwenyewe, shinani na kwenye mizizi iliyoshuka chini sana.

Nina binamu anayeishi Montréal. Kila mwaka hunitumia picha za miti ya kule, ile ambayo Wafaransa huiita érable, na ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu tarehe 15 Februari 1965. Ni mti wa heshima. Baridi inapoelekea kwisha hutobolewa shina, utomvu wake ukachemshwa, kiasi cha lita 40 kupata lita moja ya asali yake; na katika bustani pana mti mmoja hufunika meza ya ukoo mzima. Mwaka mmoja binamu alitaka kunitumia mbegu. Nilimwambia azipande hukohuko. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita tunavaa makoti, lakini mbegu za mti ule hutaka kulala wiki nyingi kwenye baridi ya kweli ndipo ziamke. Kusini mwa Sahara hakuna hata mti mmoja wa asili wa jamii yake.

Picha zake, hata hivyo, zilinifundisha jambo. Wekundu wa jani la Montréal na wekundu wa jani la Likasi hutokana na rangi za jamii moja, zile ambazo wataalamu huziita antosianini. Kule hujitokeza jani linapoaga. Hapa hujitokeza jani linapofika, na wataalamu wanaeleza kwamba humkinga mtoto huyo mchanga na ukali wa jua. Tangu nijue hivyo, nikiutazama muputu wetu mwezi wa kenda, namwona mtoto mchanga aliyefungwa kanga.

Majirani zetu wa Tanzania huuita mtundu. Watu wa pwani ya Kenya huuita mrihi. Ni mmoja wa miti mikuu ya miombo, ule msitu mwepesi unaotandaa kutoka Angola hadi Msumbiji na ambao juu yake mji huu ulijengwa. Ukiachwa na nafasi, hufika mita 20 na zaidi, na matawi yake hufunguka kwa upana kama mtu anayenyoosha mikono baada ya kazi. Neno la msingi hapo ni nafasi. Msituni, kati ya wenzake, muputu hurefuka na kubana mabega. Katika lupango pana, yaani kiwanja cha nyumba, penye jua pande zote, hupanuka. Nyumba yetu ilijengwa mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, kabla ya kurudishiwa jina la Likasi mwaka 1966, na waliopima viwanja siku hizo hawakuwa wachoyo wa ardhi.

Babu yangu hakuupanda. Aliuchagua, na naona kuchagua ndiyo nusu kubwa ya ufundi huu. Alipohamia, nyuma ya nyumba palikuwa na visiki vitatu vya msitu uliokatwa, kila kimoja kikichipua kila mwaka na kila mwaka kikifyekwa. Mtu mwingine angeving'oa vyote apande maua. Babu alikaa juu ya ndoo siku kadhaa akiangalia jua. Likasi tuko nyuzi 11 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na tarehe 20 mwezi wa kumi, katika siku za joto kuliko zote, jua la adhuhuri husimama wima juu ya kichwa. Jua hilo halimsumbui aliye ndani. Linalopasha ukuta hadi usiku wa manane ni la alasiri, lile la kutoka magharibi. Akang'oa visiki viwili vilivyokuwa karibu na shimo la choo na msingi wa nyumba. Kile cha magharibi, hatua kumi na mbili kutoka barazani, akakiacha.

Kisiki hicho kilitoa machipukizi zaidi ya kumi. Baba yangu, aliyekuwa kijana wakati huo, anakumbuka kwamba babu hakuchukua lililokuwa refu. Alitafuta lililotokea chini kabisa, ubavuni, karibu na udongo, kwa sababu chipukizi la juu ya kisiki husimama juu ya mti unaooza na siku moja upepo hulivunja pamoja na uozo wake. Mwaka wa kwanza aliacha matatu, wa pili mawili, wa tatu moja. Hakuwa na haraka ya kubaki na moja, maana mbuzi, dhoruba na watoto wana zamu yao.

Kisha ikaja kazi ya kuinua mwavuli, na hapa ndipo mikono mingi huharibu. Kila mwezi wa saba, kabla mti haujaanza kujiandaa kwa majani mapya, alikata matawi mawili matatu ya chini yakiwa bado na unene wa kidole gumba, ili kidonda kipone upesi. Alikata nje kidogo ya ule mkunjo tawi linapoungana na shina, bila kuacha kigingi na bila kuchimba ndani ya gome. Kilele hakukigusa maisha yake yote. Leo nikipita mitaani nikaona mti mkubwa uliokatwa kichwa ili "ustawi", naumia kama nimeona mzee amevuliwa kofia hadharani. Mti uliokatwa kichwa hutoa fimbo nyingi dhaifu zinazoshindana, nao hauwi tena na umbo lake.

Mimi nilitaka kufanya kilicho kigumu zaidi: kuukuza kutoka mbegu. Maganda ya muputu hupasuka kwa kishindo kwenye jua na kurusha mbegu mbali, na kuota ni rahisi. Kuishi ndiko kugumu. Mche wangu ulifika kwenye kifundo cha mguu, kiangazi kikaja, ukakauka hadi chini. Mvua ikaja, ukachipua, ukafika kifundoni, ukakauka tena. Mwaka wa tatu nilishika jembe niung'oe. Mama akanizuia mkono: "Mti huu usiuhesabu juu, uhesabu chini." Alikuwa sahihi. Miche mingi ya miombo huishi hivyo kwa miaka, ikipoteza shina kila kiangazi huku mzizi mkuu ukizidi kushuka na kunenepa, hadi siku unapokuwa na akiba ya kutosha kulivusha shina. Mwaka wa sita wangu haukukauka. Sasa umenipita kichwa.

Jambo jingine nilifundishwa na wanawake wanaouza uyoga sokoni mvua zinapoanza. Wanajua uyoga upi hutoka chini ya mti upi, kwa sababu mizizi ya muputu na nyuzi za uyoga huishi kwa kulishana. Mche ukipandwa kwenye udongo wa mji uliokanyagwa miaka sitini, hauna mwenzake wa kuulisha. Kwa hiyo nenda na ndoo msituni, chini ya mti mzima, chota udongo wa juu pamoja na majani yaliyooza, uchanganye shimoni. Ndoo moja inatosha.

Wengi hapa watakuambia mti wa kivuli ni mwembe, nami sitabishana nao kwa ukali. Mama alipanda wake upande wa jikoni, shimo akalijaza samadi na udongo wa kichuguu uliopondwa. Vichuguu vya Katanga ni vilima hasa, vingine hufika mita 8 kwenda juu, na udongo wake una rutuba kuliko ule wa bondeni pembeni yake. Mwembe huu ulitupa maembe mapema, nao haubaki uchi hata siku moja ya mwaka. Lakini kivuli chake ni kizito, cha kufunga; chini yake hakuna kinachoota. Kivuli cha muputu hupepeta mwanga. Mchicha wa mama hukua hadi karibu na shina, na mtu anaweza kusoma barua chini yake bila kukunja uso.

Ni ajabu kuupenda mti katika nchi hii ya shaba. Wazee waliochimba kabla ya wazungu walijua kuisoma milima kwa macho: kilima ambacho msitu ulikizunguka bila kukipanda, kikabaki na nyasi na maua mafupi tu, ndicho kilichokuwa na madini, kwa sababu shaba ikizidi udongoni miti haiwezi kuishi. Mahali pasipo mti ndipo palipokuwa na mali. Na shaba ile iliyeyushwa kwa makala, yaani makaa ya miti, ya msitu uleule. Leo makala hayo yanapikia bukari, ugali wetu, kila umeme unapokatika, magunia yake yamesimama kila njia inayoingia mjini, na miaka ilipokuwa migumu viwanja vingi vipana vilimegwa, vyumba vya kupangisha vikajengwa pale palipokuwa na kivuli. Simlaumu mama anayewasha jiko lake la mbabula watoto wale. Ila nasema wazi kwamba mti wa miaka hamsini ukigeuzwa makala ni magunia machache, yakaisha kabla ya mwezi kwisha. Na nyumba iliyokuwa nyuma yake itapigwa na jua la alasiri kwa miaka hamsini mingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye lupango pana, iwe Panda, Shituru au huko njia ya Kambove, kabla hujamwita kijana wa shoka mwezi huu wa kenda, zunguka nyuma ya nyumba. Kama kuna kisiki kinachotoa majani mekundu upande wa machweo, mbali na ukuta na mbali na choo, inama utafute chipukizi lililo chini kabisa. Liwekee matofali pembeni mbuzi wasilifikie, fagia majani makavu kulizunguka moto usilifikie, na uliache lipande.