Mfalme wa Dhahabu, Mfalme wa Ndururu

Januari 2020, pauni moja ilinunuliwa kwa pauni milioni 1. Ni pauni ya dhahabu iliyoandikwa mwaka 1937, yenye sura ya Edward VIII wa Uingereza. Uzito wake haufiki gramu 8, na upana wake, milimita 22, umepitwa mbali na senti kumi yetu ya zamani yenye tundu. Dhahabu peke yake haielezi bei hiyo. Inaelezwa na mahali kazi ilipokatikia.

Pauni hiyo ni sarafu ya majaribio; za aina hiyo hupigwa chache tu, ili zikaguliwe kabla ya kuidhinishwa. Mchongaji Humphrey Paget aliiunda kwanza sura ya mfalme kwa plasta, kubwa. Mashine ikaifuatisha na kuichonga ndogo kwenye chuma. Kwa kalibu za chuma hicho dhahabu ikapigwa. Tangu enzi za Charles II, kila mfalme kwenye sarafu huelekezwa upande usio wa aliyemtangulia. George V alitazama kushoto, basi Edward alipaswa kutazama kulia. Akakataa: alitaka upande aliopasulia njia ya nywele uonekane. Mafundi wakamfuata. Desemba 11, 1936 akawa si mfalme tena, na sarafu zile hazikuingia kwenye mzunguko kamwe. Ndiyo maana wakusanyaji wanazililia: kila moja inaonyesha uamuzi uliokwisha kuchongwa lakini haukutekelezwa.

Huku Afrika Mashariki, hata hivyo, jina la Edward tulilitumia. Ndururu, yaani senti tano, na senti kumi za 1936 zipo zilizoandikwa EDWARDVS VIII. Siri ni lile tundu. Tundu likishakaa katikati, sura ya mfalme haina pa kukaa. Hapakuwa na haja ya kungoja plasta ya Paget wala kubishania nywele. Yalibadilishwa maandishi, kazi ikaendelea, zikatoka kwa mamilioni. Kwa macho yangu, hilo ni suluhisho safi zaidi la kifundi kuliko lolote lililofanyika kwenye dhahabu.

Kama nyumbani kuna kopo la sarafu za babu, tafuta ya 1936 na usome jina, kwa sababu nyingine za mwaka huohuo zina la George V. Ukiipata ya Edward, tafadhali usiisugue kwa ndimu wala majivu. Kuisugua kunaiharibu, na mkusanyaji huligundua hilo mara moja.