Kasha la Udi Mezani kwa Afisa

Riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 2001, miaka 20 kabla ya mwandishi huyo, mzaliwa wa Zanzibar, kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wengi huisifu kwa masimulizi yake ya pwani na biashara ya baharini. Mimi, niliyefundisha walimu huku Kasulu, mbali na bahari, naisifu kwa jambo jingine: inamchunguza mwenyeji kama inavyomchunguza mgeni.

Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anashuka Gatwick akiwa na pasipoti ya jina la mtu mwingine na kasha la udi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa uhamiaji, Kevin Edelman, anamweleza kwamba wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania. Kisha analichukua kasha lile. Hapo ndipo kilipo kiini cha kitabu: mtoto wa mgeni wa jana ndiye bawabu wa leo.

Wapo wanaosema London ni jiji la mataifa yote, kana kwamba kukaa mtaa mmoja ndiko kujuana. Gurnah haukubali wepesi huo. Latif Mahmud, mhadhiri wa London, ana vitabu na kazi ya heshima, lakini hana wa kuzungumza naye habari za kwao. Anampata siku anapomfuata Saleh Omar katika mji mdogo wa pwani. Na huyo ndiye aliyeitwaa nyumba ya baba yake. Ugomvi wa Zanzibar unakuja kuzungumzwa Uingereza, bila hakimu wala mashahidi.

Dosari moja naiona. Wakimbizi wengine katika nyumba ya Celia, Ibrahim wa Kosovo na Alfonso wa Angola, wanapita haraka mno. Ningependa kujua wageni hao walielewanaje wao kwa wao.

Kwetu hilo si swali la vitabuni. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa hapa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mkongo alikuja na Kiswahili chake, Mrundi na Kirundi ambacho Muha hukielewa bila mkalimani. Lakini ukaribu huo una uchungu wake. Ni mara ngapi Muha amesimamishwa njiani athibitishe kwamba si Mrundi, kwa sababu ya lafudhi tu? Naye, kama Saleh Omar, hujifunza kunyamaza.

Kwa hiyo, msomaji mwema, usikisome kitabu hiki ukiwa upande wa Saleh Omar peke yake. Sisi wa nyanda hizi tumekalia pia kiti cha Edelman, na hatuna budi kujiuliza tumechukua nini katika makasha ya watu.