Waliokosekana Katika Picha

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, filamu niliyopenda kuwaonyesha wanachuo ni ile ya Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Serengeti Isife. Ilitoka mwaka 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Kitabu chake tulikuwa nacho maktabani.

Nianze na sifa zake, maana anastahili. Baba na mwana waliruka kwa ndege yenye milia kama pundamilia, wakihesabu wanyama na kufuatilia njia za nyumbu. Michael alifia katika kazi hiyo Januari 1959, ndege ilipogongana na tumbusi. Kaburi lake liko Ngorongoro. Kazi iliyogharimu uhai haidharauliwi.

Lakini jioni moja mwanachuo wa Kimaasai aliniuliza, "Mwalimu, sisi tuko wapi humu?" Nikamjibu kwamba filamu ni ya wanyama. Jibu hilo linanisuta hadi leo.

Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu, hata mwenyeji. Mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, wakaambiwa wataishi Ngorongoro.

Miaka imeisahihisha hoja hiyo. Nyumbu, ambao wao waliwahesabu wapatao 100,000, leo wanapita milioni moja. Kilichowaongeza hasa ni kutoweka kwa sotoka, baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa. Naye faru, ndani ya hifadhi isiyo na boma hata moja, nusura amalizwe na majangili katika miaka ya 1970 na 1980. Mfugaji hakuwapo, bunduki ilikuwapo.

Tangu mwaka 2022 kaya za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari. Wamaasai wengi wamelalamika kwamba huduma zilipunguzwa ili wabanwe waondoke.

Sisemi kitabu kile kitupwe. Kisomwe, na mwalimu alisome pamoja nacho swali la yule kijana. Mnyama akitoweka duniani harudi. Watu wakiondolewa kwenye malisho yao, nayo majina ya miti, dawa na visima hufuata njia hiyohiyo. Anayelia msiba mmoja na kuufumbia macho wa pili, hajajifunza hifadhi. Amejifunza nusu ya somo, kama nilivyolifundisha mimi.