Shahada ya Kiingereza na Lugha Iliyoachwa Nyumbani

Kila mwaka vijana wetu hapa Uingereza wanapojaza fomu za kuomba vyuo, husikika wazazi wakiuliza: "Mtoto kazaliwa hapa, Kiingereza anakijua, anakwenda kusomea nini tena?" Swali hilo si la haki. Hata hivyo masomo yenyewe yana kasoro, nayo si hiyo wanayoilalamikia wazazi.

Shahada ya Kiingereza siku hizi si Shakespeare peke yake. Vyuo vingi huchanganya fasihi na utamaduni, baadhi huongeza tafsiri, na vingine humpeleka mwanafunzi kazini kwa muda, mathalani katika shirika la uchapishaji au makumbusho. Sisi tuliosomea uhandisi twaliafiki hilo la mwisho, kwani hakuna fundi aliyeiva darasani. Kasoro tunayoiona ni kwamba mambo haya manne hufundishwa kama vyumba vinne visivyo na mlango baina yake. Na panapofundishwa tafsiri, lugha ya pili mara nyingi hudhaniwa kuwa Kifaransa, Kijerumani au Kihispania.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mwalimu Nyerere, aliyehitimu Edinburgh mwaka 1952, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka 1963, na The Merchant of Venice, iliyotoka 1969. Hii ya pili aliiita Mabepari wa Venisi. Katika jina la Shakespeare mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio. Katika jina la Nyerere wako wengi. Tena neno bepari lilitujia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Kufikia Azimio la Arusha la 1967, lilikwisha kuwa jina la mnyonyaji. Basi msomaji wa Kiswahili hufungua kitabu akimshuku Antonio sawasawa na Shylock, maana wote wawili wanaishi kwa faida. Wahakiki wameujadili uhusiano wa watu hao kwa kurasa nyingi; Mwalimu aliugusa kwa neno moja la jaladani. Hapo pana fasihi, utamaduni na tafsiri kwa pamoja, na aliyeifanya kazi hiyo alikuwa na nchi ya kuendesha.

Mwaka 1968 kule Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Kwa Nairobi walikuwa na hoja nzito. Sisi tulio ugenini hatuwezi kudai hivyo, kwani Kiingereza hapa kiko kwao. Tunachodai ni kidogo zaidi: lugha ya nyumbani kwa mwanafunzi ihesabiwe kuwa elimu.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise, ya 1994, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ikiwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Vitabu hivi viwili vikiwekwa mezani pamoja, kijana anayejua Kiswahili ataona jinsi watu wa pwani walivyosemeshwa Kiingereza, kisha wakarudishiwa ndimi zao. Hilo ni somo la muhula mzima. Na mafunzo ya kazini yampeleke kwa wakalimani wa hospitali na mahakama, ambako neno moja likikosewa, mgonjwa hupewa dawa isiyo yake au mtu hupoteza haki yake.

Vyuo na vikosolewe, lakini nasi wazazi tujitazame. Wangapi kati yetu huwajibu watoto kwa Kiingereza hata mezani? Chuo hakiwezi kumtahini mtoto kwa lugha tuliyomnyima wenyewe.