Pengo kati ya Ukweli na Ushahidi: Mvuto wa Mandhari ya Mahakama katika Riwaya za Taharuki ya Kisheria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza chanzo cha mvuto wa mandhari ya mahakama katika riwaya za taharuki ya kisheria za Marekani. Riwaya zilizoteuliwa ni tatu: Anatomy of a Murder (1958) ya Robert Traver, Presumed Innocent (1987) ya Scott Turow na A Time to Kill (1989) ya John Grisham. Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya mapengo iliyofafanuliwa na Wolfgang Iser. Makala yanabainisha kwamba mvuto huo hautokani hasa na ushindi wa haki wala na kufichuliwa kwa mkosaji. Unatokana na pengo lililopo kati ya ukweli anaoujua au kuushuku msomaji na ushahidi unaoruhusiwa kusikilizwa mahakamani. Pengo hilo humgeuza msomaji kuwa mwamuzi na kumbebesha dhamana ya hukumu anayoitamani.

1.0 Utangulizi

Riwaya inayojengwa juu ya kesi haikuanza jana. Nchini Marekani, Erle Stanley Gardner, aliyekuwa mwanasheria huko California, alimleta wakili Perry Mason mbele ya wasomaji mwaka 1933, na wakili huyo akadumu katika makumi ya riwaya. Hata hivyo, Presumed Innocent ya mwaka 1987 ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa ilifungua mlango wa wimbi jipya la riwaya za mawakili. Miaka miwili baadaye Grisham alichapisha riwaya yake ya kwanza. Turow alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu mjini Chicago. Grisham alikuwa wakili katika jimbo la Mississippi. Traver ni jina la kalamu la John D. Voelker, jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan. Waandishi wote watatu, basi, waliijua mahakama kutokea ndani.

Maelezo mawili hutolewa kwa kawaida kuhusu mvuto wa riwaya hizi. La kwanza ni kwamba msomaji hufurahia kuiona haki ikishinda. La pili ni kwamba hufurahia kuiona siri ikifichuka. Maelezo yote mawili yana upungufu. Kuhusu haki, hakuna hata moja kati ya riwaya tatu zilizoteuliwa ambamo haki inapatikana ikiwa safi. Kuhusu siri, kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na riwaya ya upelelezi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa anahitaji akili yake na wasikilizaji tu ili kufumbua fumbo. Hahitaji hakimu, pingamizi wala kizimba. Akishasema nani aliua, hadithi imefika mwisho wake. Riwaya ya kisheria huanzia pale ambapo ya upelelezi inaishia, kwa sababu swali lake si nani aliua, bali ni nini kinachoweza kuthibitishwa, na mbele ya nani.

2.0 Msingi wa Nadharia

Iser anaeleza kwamba matini ya kifasihi haisemi kila kitu. Huacha mapengo, na msomaji huyajaza kwa kuunganisha yale yaliyosemwa na yale yaliyonyamaziwa. Maana huzaliwa katika kazi hiyo ya kujaza. Kwa riwaya nyingi, mapengo ni matokeo ya uteuzi wa msanii. Kwa riwaya ya kisheria, sehemu ya mapengo imeamriwa na sheria yenyewe. Shahidi akikatizwa kwa pingamizi, jaji akiamuru jibu lisizingatiwe, au mshtakiwa akichagua kutopanda kizimbani, hadithi inayosimuliwa mahakamani inapata tundu ambalo kila aliyemo ukumbini analiona.

Katika mfumo wa Marekani, anayeyajaza matundu hayo kwa niaba ya jamii ni jopo la waamuzi, yaani raia wa kawaida, kwa desturi 12, ambao hukaa kimya muda wote wa kesi kisha hufungiwa chumbani kuamua. Nafasi yao inafanana sana na ya msomaji: nao huketi, husikiliza, hukumbuka na kulinganisha, bila ruhusa ya kuuliza apendavyo. Tofauti ni moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Msomaji huwa amesikia na yale ambayo waamuzi hawakuruhusiwa kuyasikia.

3.0 Uchambuzi na Mjadala

3.1 Sheria kama Kanuni ya Usimulizi

Katika Anatomy of a Murder, Luteni Frederic Manion amempiga risasi Barney Quill, mwenye baa, baada ya mke wa luteni kusema kwamba Quill amembaka. Hakuna anayebisha kwamba Manion aliua. Sehemu mashuhuri zaidi ya riwaya hii haipo hata ukumbini. Ipo gerezani, pale wakili Paul Biegler anapomkutembelea mteja wake. Kabla ya kumruhusu aeleze kwa ukamilifu alivyojisikia wakati wa tukio, Biegler anamfafanulia hoja za utetezi zinazotambuliwa na sheria, na kumwonesha zipi hazitamfaa. Luteni si mjinga. Anasikiliza, anapima, kisha anaanza kukumbuka hali ya akili yake kwa namna inayolingana na mlango pekee ulioachwa wazi, yaani wazimu wa muda.

Biegler hakusema uongo, wala hakumwambia mtu aseme uongo. Hata hivyo, kuanzia hapo kila neno la luteni lina kivuli. Msomaji anapofika kwenye ushahidi wa madaktari wa akili, anausikiliza kwa masikio mawili: la mwamuzi, anayepokea maelezo ya kitaalamu, na la mtu aliyekuwapo gerezani maelezo hayo yalipokuwa yakipata umbo. Taharuki inayopatikana ni ya namna yake. Msomaji hangojei kujua kilichotokea. Anangojea kuona kama simulizi aliyoiona ikiundwa itastahimili maswali ya dodoso. Mwishoni Manion anaachiwa huru, kisha anatoweka bila kumlipa wakili wake. Kwa kitendo hicho kidogo Traver anarudisha shaka yote mikononi mwa msomaji: mtu asiyetimiza ahadi yake kwa aliyemwokoa alisema kweli kiasi gani kizimbani?

3.2 Hukumu Isiyohitaji Ukweli

Turow analipanua pengo hilo kwa kumfanya mshtakiwa mwenyewe kuwa msimulizi. Rusty Sabich ni naibu wa mwendesha mashtaka mkuu katika kaunti ya kubuni ya Kindle. Anashtakiwa kwa mauaji ya Carolyn Polhemus, mwendesha mashtaka mwenzake aliyewahi kuwa mpenzi wake. Riwaya inafunguliwa kwa Sabich kueleza jinsi alivyozoea kuanza kesi zake kwa waamuzi, kwa kumnyooshea kidole mshtakiwa. Muda si mrefu kidole hicho kinamwelekea yeye. Msomaji anaishi ndani ya mawazo ya mtu huyu kwa mamia ya kurasa, lakini bado hana hakika. Ukaribu na msimulizi, ambao kwa kawaida huzaa imani, hapa unazaa mashaka.

Mahakamani, wakili Sandy Stern hajaribu kuonesha nani aliua. Kazi yake ni kuuharibu ushahidi wa upande wa mashtaka. Bilauri yenye alama za vidole vya Sabich haionekani. Daktari aliyechunguza maiti amedai kukuta kemikali ya kuzuia mimba, ilhali rekodi za hospitali zinaonesha kwamba marehemu alikwisha kufungwa kizazi na hakuwa na haja nayo. Mahojiano ya Stern na daktari huyo ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu zaidi katika utanzu huu, kwa sababu ushindi unapatikana kwa maswali mafupi, ya upole, ambayo kila moja linaondoa jiwe moja ukutani. Mwishowe Jaji Larren Lyttle anaamua kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Waamuzi wanarudi makwao bila kuamua neno.

Uamuzi huo unaonekana kuwa ushindi wa sheria, lakini riwaya haimruhusu msomaji kustarehe. Inabainika baadaye kwamba jaji alikuwa na sababu zake za kutaka kesi ifungwe, kwa kuwa yeye na marehemu walihusishwa na hongo ya zamani. Inabainika pia kwamba bilauri ilikuwa mikononi mwa mpelelezi aliye rafiki wa Sabich. Hatimaye inajulikana kwamba muuaji ni Barbara, mke wa Sabich. Ukweli wote huu unapatikana nje ya mahakama, na Sabich anaamua kuufunika. Kwa hiyo mahakama ilitoa jibu sahihi, kwamba Sabich hakuua, kwa sababu zisizo sahihi, na mwenye hatia hakuguswa. Msomaji peke yake ndiye anayebaki na jalada kamili. Raha ya kusoma na uzito wa kujua vinafika kwa pamoja.

3.3 Msomaji kama Mficha Ushahidi

A Time to Kill inaonekana rahisi zaidi, kumbe ndiyo inayomtia msomaji majaribuni zaidi. Katika mji wa kubuni wa Clanton, Mississippi, wanaume wawili wazungu wanambaka Tonya, mtoto mweusi wa miaka 10. Baba yake, Carl Lee Hailey, anawapiga risasi na kuwaua ndani ya jengo la mahakama. Wakili Jake Brigance anajenga utetezi wa wazimu mbele ya waamuzi ambao wote ni wazungu.

Msomaji anajua kwamba utetezi huo si wa kweli. Amemwona Hailey akitafuta bunduki na kulichunguza jengo kabla ya siku yenyewe. Yaani msomaji anao ushahidi wa kupanga mauaji, ushahidi ambao mwendesha mashtaka Rufus Buckley angeupokea kwa mikono miwili. Lakini wasomaji wengi humtakia Hailey aachiwe. Riwaya inamfanya msomaji afiche ushahidi moyoni mwake na aone fahari kufanya hivyo.

Hapa ndipo suala linapovuka mipaka ya burudani. Mwaka 1955, huko huko Mississippi, waamuzi wazungu watupu waliwaachia huru wanaume wawili walioshtakiwa kumuua Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14. Walitumia muda wa saa moja na ushei tu. Mwaka uliofuata washtakiwa hao walikiri mauaji katika jarida, na sheria haikuweza kuwashtaki tena kwa kosa lile. Uwezo wa waamuzi kuupuuza ushahidi na kufuata nyoyo zao ndio uliowaokoa wauaji wa Till, na ndio huohuo unaomwokoa Hailey. Grisham amegeuza upande wa mizani bila kubadilisha mizani yenyewe.

Kwa sifa yake, riwaya inaelekea kulitambua jambo hilo. Kinachobadili mawazo ya waamuzi si ufasaha wa wakili. Ni mmoja wao, chumbani, anayewaomba wenzake wafikirie kwamba mtoto aliyebakwa ni mzungu. Filamu ya mwaka 1996 ilihamishia ombi hilo kwenye hotuba ya mwisho ya Brigance, na hivyo ikampa shujaa wake kilele cha kuigiza. Riwaya ina uchungu zaidi. Inaonesha kwamba huruma ya waamuzi ilihitaji kwanza rangi ya mtoto ibadilishwe. Hailey yuko huru, lakini Tonya, kama Tonya, hakutosha.

3.4 Msomaji wa Kiswahili mbele ya Mahakama ya Kubuni

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa kesi kama muundo wa riwaya. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert imejengwa juu ya kesi ya Karama, anayeshtakiwa na Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Hata hivyo, Karama hujitetea kwa kusimulia. Visa vya wajumbe waliotendewa dhuluma hufuatana, na baraza linavisikiliza hadi mwisho. Kule ukweli ukisemwa vizuri hushinda. Katika riwaya za Marekani, ukweli ukisemwa vizuri unaweza bado kukataliwa, kwa sababu haukuingia kwa njia inayokubalika.

Tofauti nyingine ni ya kitaasisi. Nchini Tanzania, wazee wa baraza walioketi na jaji katika kesi za jinai za Mahakama Kuu walitoa maoni ambayo jaji hakufungwa nayo. Nchini Marekani, kauli ya waamuzi kwamba mshtakiwa hana hatia haikatiwi rufaa. Msomaji asiyelijua hilo anaweza kukosa sababu ya pumzi kushikwa mlango wa chumba cha waamuzi unapofunguliwa.

4.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba mvuto wa mandhari ya mahakama unakua kadiri sheria inavyozuia jambo lisisemwe. Traver anamwonesha msomaji simulizi ikifinyangwa, Turow anampa ukweli ambao mahakama haikuuhitaji, na Grisham anamkabidhi ushahidi anaoamua kuuficha. Ni vigumu, basi, kuziweka riwaya hizi kando kwa kuziita pendwa na kudhani kwamba jina hilo limemaliza hoja. Zinamfundisha msomaji jambo kuhusu nafsi yake: kwamba akipewa kiti cha mwamuzi, anaweza kuutaka mwisho anaoupenda kuliko mwisho uliothibitishwa. Katika jamii ambamo "wananchi wenye hasira kali" ni msemo wa kila siku katika magazeti, maarifa hayo si madogo.