Kinyago Kipimwe kwa Maji

Kinyago cha mpingo nakianza kwa mkono, macho baadaye. Weusi hauthibitishi kitu siku hizi: rangi ya viatu na kitambaa huugeuza mwembe kuwa "mpingo" kabla chai haijapoa. Niliwahi kununua twiga mrembo kando ya barabara, mvua ikatukuta njiani. Shati likabaki na madoa meusi, na ubavu wa twiga ukatoka rangi ya muhogo.

Uzito haupakwi. Ila mkono nao hudanganyika, maana kinyago kikubwa cha mti mwepesi huelemea kuliko kidogo cha mpingo. Cha kutafuta ni msongamano, yaani tungamo kugawanya kwa ujazo, na mizani ya jikoni na sufuria pana vinatosha.

Pima kinyago kikavu. Tuseme ni gramu 960. Weka sufuria yenye maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha kifunge kinyago kwa uzi na ukizamishe chote kikining'inia, kisiguse chini wala pembeni. Mizani itapanda. Gramu zilizoongezeka ni za maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo, hizo ndizo ujazo wa kinyago. Ikisoma 780, gawanya 960 kwa 780: gramu 1.23 kwa kila sentimita ya ujazo. Huo ni msongamano wa mpingo. Kifute upesi, usikiache kiloweke.

Ninachokipenda hapa ni kwamba maji hayajali umbo. Shetani wa Kimakonde mwenye sikio lililopinda na mguu mmoja na nusu utampima kwa rula gani? Nguzo ya ujamaa, watu wamebebana hadi juu na matundu katikati yao, ni vivyo hivyo. Itikise tu ndani ya maji, mapovu yaliyonasa yatoke, la sivyo ujazo utaongezeka kwa uongo na mpingo halali utaonekana mwepesi.

Kikielea, hesabu imekwisha: kiko chini ya 1. Hata mninga, mti wa heshima kwa vitanda na milango, huelea.

Mpingo mkavu hucheza kati ya 1.1 na 1.3 hivi. Namba ikikaribia 1.4 sifurahi. Huenda mti ulichongwa ukiwa bado mbichi, na maji yakiutoka ndani ya nyumba kavu utapasuka. Angalia kitako, kwenye ncha za nyuzi za mti: nyufa nyembamba zilizozibwa kwa vumbi la mbao na gundi husema mengi. Vidole, kucha na mashimo ambako msasa haufiki kirahisi, hayo ni ya mkono wa fundi, mizani haiyajui.

Namba ikishuka hadi 1.08, usimwite fundi mwongo kabla hujatazama mti mweupe wa pembeni, ule ulio chini ya gome, ambao ni mwepesi kuliko kiini. Wapo wachongaji wanaouacha makusudi mgongoni mwa kinyago. Muulize mmoja wao pale Mwenge, Dar es Salaam, kwa nini hakuuondoa. Atakigeuza kinyago akuonyeshe mahali weusi unapopakana na weupe, bila brashi kupita.