Fundi: Mimi

Ubavuni mwa gari lake la mashindano, Wendell Scott aliandika kwa rangi maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwetu ni "Fundi: Mimi". Hakuwa anajigamba. Gari lilikuwa lake, injini aliifunga yeye, na usukani alikuwa anaushika yeye.

Alizaliwa mwaka 1921 mjini Danville, Virginia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa dereva na makanika wa matajiri wa Kizungu, na spana za kwanza Scott alizishika kwake. Vita Kuu ya Pili ilipompeleka Ulaya, huko nako akatengeneza magari ya jeshi. Aliporudi alifungua gereji, na usiku akawa anasafirisha pombe haramu, gongo la Virginia.

Wengi huitaja kazi hiyo kama kisa cha kusisimua tu. Mimi naiona ni chuo. Gari la gongo kwa nje lazima liwe la kawaida kabisa, lakini likikanyagwa mafuta, polisi wabaki na vumbi. Springi za nyuma zisipoongezwa nguvu, mzigo unalikalisha gari na kila askari anajua limebeba nini. Zikiwa ngumu mno, kwenye kona za mlimani gari linarukaruka na kumwaga kila kitu. Kipimo cha hapo katikati hakimo kitabuni, kimo mkononi mwa fundi.

Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi wa kuwavutia watazamaji. Wakaenda kuwauliza polisi ni nani anayewatimulia vumbi. Polisi wakamtaja Scott.

Mwaka 1961 aliingia daraja la juu la NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani. Wakubwa walikuwa na viwanda nyuma yao. Yeye alikuwa na magari yaliyokwishatumiwa na wengine, spea za kuokoteza na wanawe waliokuwa mafundi wake. Dereva wa kuajiriwa akiua injini, huiacha na kwenda kulala. Scott akiiua, usiku uleule aliingia uvunguni kuishusha. Ndiyo maana, naamini, aliendesha kwa masikio: alijua mlio wa gia inayolalamika na mtikisiko wa beringi inayokufa. Makanika wa namna hii hung'oa plagi akaisoma kama barua. Ikiwa nyeusi yenye masizi, mafuta yanazidi. Ikiwa nyeupe, moto umepita kiasi na pistoni iko hatarini. Kahawia hafifu ndiyo rangi anayoitafuta.

Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, uwanja wa udongo wa nusu maili, mizunguko 200. Scott alikuwa na Chevrolet ya 1962, namba 34, aliyoinunua kwa dereva mwenzake Ned Jarrett. Gari la mpinzani wake Richard Petty lilipoanza kusumbua mwishoni, akampita. Akamaliza, lakini bendera ya ushindi haikupeperushwa. Akaendelea kuzunguka, na aliyetangazwa mshindi ni Buck Baker, Mzungu, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili. Watazamaji walipokwisha kutawanyika ndipo wasimamizi walipokiri kwamba mshindi ni Scott. Fedha akalipwa, kikombe kikawa kimeondoka na Baker. Wakasema ni kosa la hesabu. Scott mwenyewe aliamini hawakutaka mtu mweusi asimame mbele ya umati na kubusiwa na mrembo wa Kizungu, na mimi namwamini.

Huo ndio ushindi wake pekee wa daraja la juu. Lakini tazama hesabu nyingine: katika mbio 495, mara 147 alimaliza ndani ya kumi bora, na mwaka 1966 akawa wa sita katika msimamo wa msimu mzima. Kwa gari lililokarabatiwa nyuma ya nyumba, kwangu hizo 147 zina uzito kuliko vikombe vya wengi.

Mei 1973, katika mbio za uwanja wa Talladega, magari mengi yaligongana kwa mpigo. Gari lake jipya, alilolikopea fedha, likawa chuma chakavu, naye akavunjika mbavu na nyonga. Kazi yake ya mashindano ilikoma karibu kabisa hapo. Alifariki Desemba 1990, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa NASCAR.

Kikombe kipya cha ushindi wa Jacksonville familia ya Scott ilikabidhiwa kwenye uwanja wa Daytona, Agosti 2021.